Mama Nionyeshe Anatuaga

Miaka thelathini na moja ameitumikia kliniki yetu ya sukari, na Ijumaa hii, tarehe thelathini, nesi wetu Mama Nionyeshe anastaafu. Karani anayeniandikia alisema nianze na miaka na tarehe, basi nimeanza. Sasa aniache niseme, maana vyumba hivi nilivifagia mimi mpaka magoti yalipokataa, na niliyoyaona hayamo kwenye faili.

Jina hilo lina kisa chake. Zamani nesi aliandika kwa mkono karatasi za maelezo ya ugonjwa wa sukari. Kabla hazijapigwa chapa ananiita mimi, kwa kuwa sijui kusoma. Ananisomea nimeegemea ufagio, kisha ananiuliza kama nimeelewa. Alikuwa akisema nikielewa mimi, hata ukuta utaelewa. Mdomo anao huyo, msimwone kimya.

Siku moja akasoma habari ya miguu: mwenye sukari akague miguu yake kila siku. Nikasema nimeelewa. Kusema kweli, chai yangu ilikuwa inapoa.

Miezi haikupita mingi akaja fundi cherehani, yule wa dirisha la kijani mtaa wa nyuma. Mtu wa kufuata maagizo, karatasi kaibandika juu ya cherehani. Kila asubuhi anatazama miguu, anaiona mizima, anavaa viatu. Kumbe anatazama juu tu. Chini ya unyayo kipande cha sindano kilikuwa kimekaa wiki mbili, na kwa ile ganzi ya sukari hakusikia kitu. Daktari alishaanza kutaja kukata. Na mguu wenyewe ndio wa kukanyagia pedali.

Nesi alikisafisha kidonda kile miezi mitatu, hata siku zake za mapumziko. Mimi aibu ilinila. Nikamfuata chumba cha dawa, nikakiri kwamba mimi ndiye niliyeipitisha ile karatasi. Akanishika bega.

"Dada, kosa si lako. Nilikuuliza swali ambalo kila mtu hujibu ndiyo. Kuanzia leo usiniambie umeelewa. Nionyeshe."

Pale pale akanivua ndala, akanitaka nikague. Nikatazama juu, kama fundi. Akaleta kioo, akakilaza sakafuni, nikauning'iniza mguu juu yake. Mama yangu, unyayo mweusi kama sufuria ya msibani. Tulicheka mpaka daktari akatoka kutazama kuna nini.

Tangu hapo kila mgonjwa anaonyesha. Mzee mmoja alisema anatia sukari kijiko kimoja tu kwenye chai. Akaambiwa akilete, akaja na upawa. Na ile karatasi ndefu ikabaki mistari minne na picha ya kioo. Hata mimi naisoma.

Fundi alipoteza kidole kimoja, kile kidogo cha mwisho. Mguu upo. Gauni atakalovaa nesi Ijumaa kalishona yeye, nilikaa pale nikaitazama pedali inavyokwenda.

Nesi mpya keshanisomea karatasi yake. Nilielewa, ila nikamwambia sijaelewa, mara mbili. Namzoesha.

Mdogo wangu, ahsante kwa miguu yetu. Tunakuombea afya, siku tulivu na usingizi wa mchana. Ila usituambie kwamba utapumzika, tunakujua. Tuonyeshe.