Bi. Tulinagwe Mwangoka na Kigoda cha Msikilizaji Mmoja

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Tulinagwe Mwangoka anastaafu baada ya kuitumikia Redio Jamii Lufilyo kwa miaka ishirini na minne, yote akiwa fundi sauti, na yote katika chumba kile kile chenye magodoro ukutani. Mwaka 2014 alipewa ukuu wa idara. Aliupokea kwa adabu na kuurudisha baada ya wiki mbili, akieleza kwamba vikao vinachosha masikio.

Alizaliwa Ipyana, katika familia ya wakulima wa mpunga na kokoa. Baada ya kumaliza kidato cha nne aliajiriwa na Mzee Abdulwahab, mfanyabiashara wa mjini Kyela aliyeuza kanda za muziki na kuzinakili dukani kwake. Mzee huyo alijisifu mbele ya wateja kwamba msichana wake hutambua kanda iliyovutika kwa kusikia mstari mmoja tu. Redio yetu ilipofunguliwa mwaka 2001, yeye mwenyewe ndiye aliyemleta, akamwambia mwenyekiti wa bodi, "Nawapa masikio yangu. Myatunze."

Yalitunzwa, na yalifanya kazi. Kwaya nyingi za wilaya hii, vikundi vya ing'oma, ngoma yetu ya asili, na wazee waliosimulia habari za koo zao, wote walipita mbele ya maikrofoni yake. Wakati mmoja alikwenda Njisi kurekodi kwaya karibu na mashamba ya mpunga, na vyura wakaimba kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mwalimu wa kwaya alitaka warudie kazi yote siku nyingine. Bi. Tulinagwe alisikiliza tena, akasema vyura walikuwa katika ufunguo sahihi kuliko sauti ya tatu, na wimbo ukarushwa hivyo hivyo. Bado unaombwa kila Krismasi.

Jambo ambalo wengi wetu hatukulijua mpaka hivi karibuni ni daftari lake. Kila wimbo uliorekodiwa aliuandika humo, na katika safu ya mwisho alijaza jibu la swali moja: Anaimbiwa nani? Katika kurasa za miaka ya mwanzo utasoma "mama yake", "mchumba wa Tukuyu", "Mungu", "wanunuzi wa kokoa wenye mizani mbovu". Kuanzia wakati simu za kisasa zilipoenea, majibu yanabadilika. "Mashabiki." "Watu wa mtandaoni." "Wanaonichukia." Nyimbo nazo zilifupika, kijana alileta kipande cha sekunde kumi na tano kinachochezeka mbele ya kamera, akaomba ajengewe wimbo kukizunguka. Vijana huita hali hiyo kutrendi. Sisi tunaandika kuvuma.

Hakuwacheka. Aliwauliza tu. Kijana mmoja wa miaka kumi na minane aliimba juu ya maadui wasiolala kwa ajili yake. Bi. Tulinagwe alimwomba amtajie mmoja. Kijana alifikiri kwa muda mrefu, kisha akamtaja kaka yake, aliyekuwa amechukua chaja.

Hapo ndipo kilipoingia kigoda. Aliweka kanuni kwamba maikrofoni haitawashwa mpaka mwimbaji amwimbie kwanza mtu mmoja, ana kwa ana, na mtu huyo awe anakijua kile kinachoimbwa. Msikilizaji hukalia kigoda na simu hubaki nje. Kanuni hiyo ilituchelewesha na kutupotezea wasanii kadhaa waliokwenda kwingine. Wasifu huu usingekuwa wa kweli kama ungesema kwamba wenzake tuliipenda.

Mwaka juzi ilijaribiwa. Ambilikile, kijana wa Ngana aliyelelewa na babu na bibi yake, alifiwa na bibi huyo, marehemu Bibi Atupele. Siku ya msiba aliimba mlangoni huku akilia, mtu akamrekodi, na ndani ya siku nne kipande hicho kikawa kimetazamwa na watu laki nne. Wimbo uliuliza nani sasa atamwamsha alfajiri, nani atamwombea akienda safari. Ulikuwa kilio cha kweli, na watu walimpenda kwa haki.

Kisha wakamtaka alie tena. Alianza kualikwa kwenye misiba ya watu asiowajua. Katika nyumba moja ya Ipyana aliwaomba wafiwa wasogee kidogo kwa sababu ya mwanga. Mama mmoja mtu mzima aliinuka, akabeba kile kifaa cha miguu mitatu cha kusimamishia simu, akakiweka barabarani. Habari ilifika Ngana kabla ya Ambilikile mwenyewe. Tangu jioni hiyo babu yake, Mzee Hezroni, hakumwitikia salamu. Chakula alimwekea. Lakini kijana aliposema "Ugonile", salamu yetu ya asubuhi, mzee alitazama mgomba.

Wanaojua desturi zetu wataelewa uzito wa jambo hilo. Kijana alikuwa na watu laki nne na hakuwa na wa kumwitikia nyumbani.

Alipokuja kwetu, hata hivyo, hakuja kwa ajili ya babu. Alitaka wimbo urekodiwe upya na kile kilio cha siku ya msiba kichanganywe katikati yake.

"Mama, ukiniwekea kilio tu, wimbo utapanda wenyewe," alisema.

"Kilio kile kilikuwa cha bibi yako. Kimemaliza kazi yake. Lete mtu aliyemjua, akae hapa."

"Wapo laki nne waliousikia, mama!"

"Laki nne hawaenei kwenye kigoda. Lete mmoja."

Kesho yake alimleta rafiki yake mpiga picha. Alipoulizwa kama alimjua marehemu, rafiki alijibu kwa heshima kwamba alimwona kwenye video. Wakarudishwa wote wawili.

Meneja wetu, Bi. Hanifa, alikuwa na sababu nzuri za kuutaka wimbo huo. Wasikilizaji waliupigia simu kila siku, na mwandaaji wa tamasha jijini Mbeya alikuwa akisubiri. Katika kikao karibu wote tulikuwa upande wa meneja. Aliyepewa kazi ya kukagua maneno ya wimbo, ambaye ndiye anayeandika wasifu huu, alisema kwamba hayana kosa. Bi. Tulinagwe alisikiliza mpaka mwisho. "Mnaweza kuurusha," alisema. "Mimi sitauchanganya." Alipewa wiki moja ya kufikiri tena.

Jumapili, baada ya ibada, alipanda bodaboda hadi Ngana. Alimwambia Mzee Hezroni kwamba hakuja kumwombea mtu msamaha. Alikuja kuazima masikio. Jumatano mzee akaja amevaa koti lake la kanisani, akakaa kwenye kigoda, mikono juu ya fimbo. Siku ya msiba alikuwa nyuma ya nyumba na wanaume wenzake. Wimbo ambao nchi nzima iliujua, mwenye mke hakuwa ameusikia.

Ambilikile aliimba. Mzee alingoja amalize.

"Huyo bibi simjui," alisema. "Wangu hakuamsha mtu. Alilala mpaka jua likamkuta kitandani. Moto niliwasha mimi, miaka arobaini na sita."

Mzee akaendelea, kana kwamba anahesabu vitu vya nyumbani. Alisema bibi alificha ndizi mbivu ndani ya gunia la mpunga, kisha akamsingizia panya. Kila alipotaka kudanganya alikohoa kwanza. Na mjukuu alipougua homa, alimbeba hadi zahanati akimtukana njia nzima kwa kuwa mzito.

"Nilikuwa na miaka kumi," Ambilikile alisema. "Alinitukana hadi mapokezi." Alicheka, na kicheko kikamshinda katikati. Alilia kwa muda mrefu akiwa amepiga magoti. Maikrofoni ilikuwa haijawashwa. Bi. Tulinagwe alitoka nje, akafunga mlango. Waliokuwa ukumbini walimsikia mzee akisema, "Ugonile, mwana wangu," ingawa ilikuwa saa tisa alasiri.

Wimbo mpya ulirekodiwa siku iliyofuata, kwa macho makavu. Ndani yake kuna panya asiye na hatia na bibi anayekohoa. Mtandaoni haukwenda mbali; bibi wa wimbo wa kwanza alikuwa bibi wa kila mtu, na huyu alikuwa wa nyumba moja tu. Mwandaaji wa Mbeya alitafuta msanii mwingine. Ambilikile aliumia, na si haki kusema vinginevyo. Aliendelea kuja kurekodi, na katika safu ile ya mwisho ya daftari jina la babu yake limeandikwa mara saba.

Mwezi Februari mwaka huu Mzee Hezroni alifariki dunia. Wengi tulikwenda Ngana. Waombolezaji walipomwona Ambilikile akija upande wa kaburi, simu ziliinuliwa, moja baada ya nyingine, kwa sababu wote walijua yeye ni nani. Alivua shati, akapokea jembe kutoka kwa kijana aliyechoka, akashuka shimoni kuchimba na wenzake. Hakuimba. Baada ya muda simu zilishushwa. Bi. Tulinagwe alikuwa amekaa na akina mama, mkoba wenye kinasa sauti mapajani, na hakuufungua.

Katika maktaba yetu anatuachia nyimbo elfu mbili na mia tatu. Ile siku ya mazishi ya Ngana haimo, na ndiyo kazi yake tunayoiheshimu kuliko zote.

Bi. Tulinagwe, kwa niaba ya bodi, meneja na wafanyakazi wote, na kwa niaba ya yule aliyesema kwamba maneno hayana kosa: ndaga fijo, asante sana. Mungu akujalie afya njema, kokoa yenye bei nzuri, na asubuhi za kulala mpaka jua likukute kitandani.