Mzee Dashzeveg wa Luvsan, Mwasha Injini wa Kisima cha Ulaan Tolgoi

Mzee Dashzeveg, mwana wa Luvsan, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika hema la wazazi wake, kusini ya Mandalgovi, mkoani Dundgovi, siku ya tufani ya mchanga. Mama yake alisema ndiyo maana hakuwahi kulalamikia vumbi.

Alisoma shule ya bweni ya wilaya, kisha mwaka 1960 akaenda mji mkuu, Ulaanbaatar, kujifunza ufundi wa injini. Aliporudi, ushirika wa wafugaji ulimkabidhi kisima cha mashine cha Ulaan Tolgoi. Aliwasha injini yake alfajiri, kiangazi na baridi, kwa miaka thelathini.

Mwaka 1965 alimwoa Bi Handjav, aliyekuwa akija pale kunywesha mbuzi ambao, kwa maneno yake mwenyewe, hawakuwa na kiu.

Mwaka 1992 ushirika ulivunjwa. Mifugo iligawanywa, kila kaya ikapata yake. Kisima nacho kikagawanywa, tena kwa haki: watu walipiga kura kwa kurusha vifupa vya kondoo. Bwana Sodnom, jirani, akapata injini. Wengine wakapata mabati na milango ya kibanda. Mzee akapata mabomba. Hakuna aliyeona kosa, isipokuwa Bi Handjav.

"Hongera, mume wangu," alisema. "Sasa tutakunywa chuma."

Kiangazi cha 1993 mvua haikunyesha. Visima vya kuchimba kwa mkono vilikauka, na Sodnom alikuwa keshaiahidi injini kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mzee akayapakia mabomba juu ya ngamia, akayarudisha kisimani, akayaunganisha yote, akakaa hapo. Ngamia wa Sodnom, kwa mazoea, walikuja wenyewe kusimama kwenye hori kavu. Sodnom akawafuata.

"Kaka, bomba bila injini ni filimbi tu."

"Basi nitaipuliza mpaka uchoke kusikia."

"Injini ni haki yangu! Niliipata kwa kura, na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Waeleze ngamia wako, maana wao hawakuja mkutanoni."

Sodnom alitukana, akawaswaga ngamia wake akaenda zake. Kesho yake wakarudi, ngamia mmoja akikokota mkokoteni wenye injini.

"Usicheke," Sodnom alisema.

"Sicheki. Shika spana."

Wenzao walipoona maji, wakarudisha mabati na milango. Tangu hapo anayenywesha hutia dizeli, na anayetangulia kufika hunywesha kwanza.

Mwaka 2014 Mzee alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Alifunguliwa mlango wa hema kila asubuhi ili asikilize injini, na ikikohoa alimtuma mtu kwa Sodnom. Alifariki nyumbani tarehe 9 Oktoba 2016, asubuhi, injini ikiwa tayari imewaka.

Ameacha mjane, Bi Handjav; watoto wawili, Oyuntuya na Batmagnai; wajukuu watano; na Bwana Sodnom, aliyechelewa kufika hapa leo kwa kuwa mifugo ya wafiwa ilikuwa haijanywa.

Pumzika sasa, Mzee Dashzeveg. Maji yanatoka.