Kibao cha Bethania

Kanisa letu la Bethania limeuzwa, na Jumanne mafundi watabandua kile kibao cha marumaru chenye majina ya vijana wetu waliokufa vitani. Kwenye basi la kushuka bondeni, Beti, ambaye hukifuta kila Jumamosi, alijikuta ameketi na Emlyn, aliyejitwika kazi ya kutafuta habari za kila jina. Mimi nilikuwa nyuma yao, Biblia yangu mapajani, haijafunguliwa.

"Kwa hiyo mnawapeleka baa," alisema Beti. "Vijana walioapa mbele ya mchungaji kutogusa pombe."

"Ndiko tulikopewa ukuta, Beti. Waanglikana walitukaribisha, ukasema baba yako atafufuka akakitoe."

"Atafufuka." Nilimjua marehemu, na sikuona chumvi hapo.

"Basi kikae stoo, majina yameelekezwa ukutani? Kaburi la mjomba wako Ifor nimelipata juzi tu kule Ufaransa. Nani atajua aliondoka hapa?"

"Kwetu hata meza ya Bwana ni maji ya zabibu, Emlyn. Ifor hakuwahi kuvuka mlango wa baa. Wala mimi."

Basi likasimama mbele ya baa yenyewe, Emlyn akashuka. Beti akamwomba dereva asifunge mlango kwanza.

"Wanafungua saa ngapi hao?"

"Saa tano."

"Na kabla ya hapo, kuna wa kunifungulia mlango wa nyuma, niingie na kitambaa changu?"

Dereva akafunga mlango.