Mama Mistari, Aliyeifundisha Kamera Kutazama Kitambaa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja, mhandisi wa picha wa kiwanda chetu cha nguo anastaafu. Jina lake kamili lipo masjala. Sisi tunamwita Mama Mistari.

Alipewa kazi ya kuifanya kamera itambue kasoro za ufumaji, akaamua kuiga jicho la binadamu. Alituchosha kwa kueleza kwamba ubongoni, karibu na kisogo, mna chembe hai zinazoamka zikiona mstari uliosimama, nyingine uliolala, nyingine ulioinama. Akatengeneza vichujio vya picha vya namna hiyo, kila kimoja kikisaka mistari ya mwelekeo wake. Penye uzi uliokatika mpangilio huvurugika, na kengele hulia. Mada hii aliizungumza hata kwenye harusi ya mwanawe.

Siku ya kwanza ya majaribio kengele ililia mfululizo hadi saa ya chakula. Kila jora lilionekana bovu. Kumbe sampuli zake zote alizipiga pasi na kuzilaza sawasawa na ukingo wa meza kabla ya kuzipiga picha, ilhali kitambaa cha mtamboni hupita kimekwenda upande. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akahamia chumba cha ukaguzi wiki mbili, akitazama wakaguzi wanavyoinamisha shingo huku na huku, akaongeza vichujio vya kila pembe.

Mashine ilipotulia, uongozi ulimtaka aandike kwamba inaweza kukagua peke yake. Wakaguzi wanane walijua maana yake ni barua za kuachishwa kazi. Yeye naye alikuwa akisubiri cheo. Aliandika kwamba kamera huona kilicho tofauti lakini haijui kilicho kibaya, na fundo la urembo na fundo la makosa kwake ni mamoja. Lazima mtu aamue. Aliitwa mara tatu abadilishe, hakugusa hata nukta. Cheo kikaenda kwa mwingine, naye akabaki kwenye chumba chenye feni mbovu miaka tisa zaidi.

Tunamwombea afya na usingizi wa kutosha, na wajukuu wasiochoka kusikia habari za kisogo.

Mimi ni mmoja wa wale wanane. Nimesomesha watoto watatu kwa kazi hii, na sikuwahi kumshukuru ana kwa ana. Nilikuwa naona haya. Ahsante, mama.