Kapu la Mzee Vedasto

Mimi ndiye ninayemimina kahawa kwenye kijiwe cha Cheyo, pale benchi la mbao linapotazamana na kivuko cha reli, na leo nimekasirika, kwa hiyo anayetaka maneno matamu aende sokoni akanunue asali. Jina langu Paskazia. Wateja wangu wa asubuhi ni watatu. Kuna Mwalimu Dionis, mstaafu, tunamwita Profesa kwa sababu hajawahi kutamka neno "sijui". Kuna Ambrosi, tunamwita Msafara, maana babu wa babu yake alibeba pembe za ndovu kutoka huku kwetu mpaka Bagamoyo, na uchovu wa safari ile ameurithi yeye. Na kuna Jonasi wa bajaji, anaitwa Honi, ambaye mwezi huu amefunga honi mpya inayolia kama treni. Saa mbili na nusu asubuhi Mzee Vedasto, aliyekuwa dereva wa treni mpaka ajali ya mwaka jana, alipita mbele yetu akielekea relini polepole, midomo ikihesabu. Honi akaibonyeza. Mzee akaanguka kifudifudi, mkono wa kulia ukivuta kitu hewani, unavuta, unavuta, huku akipiga kelele: "Acha kapu! Mama, acha kapu!" Baadaye akainuka, akajipangusa vumbi, akarudi alikotoka. Wale watatu walicheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Nami, niseme kweli, nilitabasamu kabla sijajizuia.

— Mmeiona ile breki? Honi alisema, bado anajifuta machozi. Kavuta breki hewani! Mzee noma sana.

— Iko siku utaua mtu, nikamwambia.

— Bi Paska, si utani tu? Mbona na wewe meno yalikuwa nje?

Nikamimina.

— Lile ni shinikizo la damu, alisema Profesa. Damu ikipanda inafika kwenye kumbukumbu, inazichemsha. Nimefundisha sayansi miaka thelathini.

— Presha gani inasema "acha kapu"? Msafara akauliza.

— Inategemea mgonjwa alikula nini jana yake.

— Achana na presha, anaigiza yule, akasema Honi. Kachoka kazi, basi. Mwanaume mzima unapata ajali moja, ndiyo uache kazi? Mimi nimegonga mbuzi wawili na nyama nikala.

— Yeye aligonga mtu, nikasema. Mama wa watu wa Ulyankulu.

— Mungu amrehemu, sikatai. Lakini mwaka mzima, Bi Paska? Wajeda wanatoka vitani kabisa, wanarudi mtaani wanakunywa bia zao.

— Umewahi kuwauliza kwa nini wanakunywa?

Profesa akakohoa. Honi akaomba kashata.

— Nyie wote hamjui kitu, alisema Msafara, akasogea mbele kama mtu anayetaka kutoa siri ya ukoo. Mjerumani reli hii aliipitisha wapi? Juu ya njia ya misafara. Wapagazi walikuwa wanakufa njiani, wanafukiwa palepale na mizigo yao. Leo treni inawapita kichwani kila siku. Wamechoka. Wamemchagua dereva mmoja wamtume. Kapu ni la kwao.

— Kapu la nini?

— Babu zetu walibeba nini, karanga?

Honi akaweka kikombe chini.

— Pembe!

— Pembe. Au dhahabu. Mimi sisemi.

— Ngoja, ngoja, ngoja! Ndiyo maana anahesabu hatua! Mzee baba, mimi namwona wiki ya tatu hii. Siku ya kwanza kaishia dukani kwa Mwanamkuu. Juzi kafika kwenye mwarobaini. Leo kabakiza kidogo tu afike kwenye kibao cha kivuko. Yule haumwi. Anapima!

Hapo Profesa alisahau presha yote aliyotufundisha. Akatoa kalamu, akaanza kuandika kwenye karatasi ya kashata.

— Hatua ya mtu mzima ni sentimita sabini na tano. Kutoka mwarobaini mpaka kibaoni ni hatua arobaini. Kwa hiyo kapu liko upande wa pili wa kibao, kina cha futi sita.

— Futi sita umezipata wapi? nikauliza.

— Ni makadirio ya kitaalamu.

— Naleta sepetu, akasema Honi. Mchana mchana tu, tunavaa makoti yale ya kung'aa. Mtu mwenye koti la kung'aa hakuna anayemuuliza anachimba nini.

— Ila mwenyekiti ni mimi, akasema Msafara. Ni mali ya ukoo.

— Bajaji ya kubebea ni yangu!

— Na hesabu ni zangu!

Wakaanza kugombania kapu, wanaume watatu wenye wajukuu na leseni. Damu ilinichemka. Nilikuwa nimeshika birika, nikajiambia Paskazia, liweke chini hilo birika.

Ndipo akaja Stela, binti wa Mzee Vedasto, anayefundisha watoto wa chekechea pale Chemchem. Kiwiko chake cha kushoto kina kovu jipya.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, tukajibu.

— Nani amepiga ile honi?

Kila mmoja akachungulia kikombe chake. Bajaji imeegeshwa pale pale, honi inang'aa. Stela aliitazama, hakusubiri jibu.

— Baba amerudi nyumbani, ameingia chini ya kitanda, alisema. Wiki tatu anajifunza kufika relini, hatua moja moja. Mtaalamu wa kliniki ndiye aliyemwambia kwa simu ajaribu kila siku, afike anapoweza, apumue, ahesabu, arudi. Leo ilikuwa afike kwenye kibao.

— Kumbe ni dawa? Profesa akauliza kwa sauti ndogo.

— Ni matibabu, Mwalimu. Ile ajali bado inamrudia. Akisikia honi, kwake ni siku ileile, ndiyo anaanguka na kuvuta breki. Hata usingizini anavuta.

Honi akajikuna shingo.

— Na kapu je? Msafara akauliza. Aibu hana.

— Bajaji ilizimika juu ya reli. Dereva wake akaruka akakimbia. Nyuma alibaki mama mmoja, ana kapu la mayai mapajani. Baba alikuwa anapiga honi, ameshavuta breki mpaka mwisho, na treni ya mizigo haisimami papo hapo. Anamwona yule mama anashuka, anatanguliza kapu chini taratibu, mayai yasivunjike. Hicho ndicho anachokiona kila siku. Ndiyo anamwambia acha kapu.

Mimi nimebeba mayai maisha yangu yote. Ningelishusha taratibu vilevile.

— Mtaalamu anasema inatibika, Stela akaendelea. Baba atakaa naye kila Alhamisi, amsimulie siku ile kidogo kidogo, mpaka aweze kuisimulia bila kuvuta breki. Lakini kliniki iko ng'ambo ya reli, na kila njia inavuka reli. Tumeshakosa miadi miwili. Mara ya mwisho nilimshika mkono tukafika relini, akanivuta nyuma, akaniangusha, akanilalia kunikinga. Treni haikuwepo. Kesho tukikosa, nafasi anapewa mwingine. Mimi peke yangu simwezi. Nahitaji watu wawili wamshike mikono avuke. Saa tatu kesho. Ni nani na nani?

Swali dogo kuliko futi sita. Nikawatazama wataalamu wangu.

— Kesho nina kikao cha wastaafu, akasema Profesa.

— Goti langu mnalijua, akasema Msafara.

— Mimi nitampeleka na bajaji, bure! akasema Honi. Nauli sitaki.

— Kaka Jonasi, alichogonga ni bajaji.

Profesa akaegemea upande wangu, akaninong'oneza:

— Unajua pia, Bi Paska, ile kliniki... mtu akikuona pale mlangoni, mtaa mzima utasema na wewe umechanganyikiwa.

Hapo nililipuka.

— Kuchimba reli ya serikali mchana kweupe hamuoni haya! Kumshika mkono jirani mnaona haya! Mmemcheka mtu anayejaribu kutembea! Na mimi nimecheka, Mungu anisamehe, lakini kesho nitakuwa pale. Stela, mmoja ni mimi.

— Asante, shangazi. Na wa pili?

Msafara akaninyooshea kikombe, apate cha kufanya.

— Imekwisha, nikamwambia.

— Birika si limejaa? Nalisikia linachemka.

— Kwenu imekwisha.

Nikawanyang'anya vikombe, nikamwaga kahawa yao vumbini, nikavisuuza. Nikammiminia Stela. Akanywa amesimama palepale mbele ya benchi, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, akisubiri wa pili.