Doto Hajaambiwa

LIMBU: Haloo! Haloo! Scola huyo?

SCOLA: Ndiye mimi. Nani mwenzangu? Sauti inakatakata.

LIMBU: Mjomba wako Limbu, wa Mkula. Hii simu ya jirani, yangu imezima.

SCOLA: Ah, mjomba! Mwadila!

LIMBU: Mwadila, ng'wanone. Upo Bariadi?

SCOLA: Nipo, ndiyo natoka studio. Mlisikia mchezo wangu wa redio jana mchana? Mjini hapa wananisimamisha njiani! Hawakujua kwamba mwanamke wa kwanza wa huku kwetu kutuma habari za vita kutoka nje ni bibi yangu mzaa mama—

LIMBU: Tulisikia.

SCOLA: Na sauti ya bibi Kulwa ni mimi mwenyewe! Sikuwahi kumwona, nikabuni tu. Kachumba kake kule Lusaka, mabomu, simu ya kuzungusha kwa mkono—

LIMBU: Scola.

SCOLA: —anavyomsuta yule mkubwa wa jeshi mpaka—

LIMBU: Hebu nyamaza kidogo, bwana!

[Mkwaruzo.]

SCOLA: Kuna nini?

LIMBU: Mama alikuwa anasikiliza.

SCOLA: Bibi Doto? Si vizuri hivyo! Pacha wake kabisa—

LIMBU: Hajaambiwa kwamba Kulwa alikufa.

SCOLA: Unasemaje?

LIMBU: Kwetu pacha haambiwi mwenzake amekufa. Akiambiwa, anamfuata. Taarifa ilivyokuja wazee walikaa, wakasema midomo ifungwe. Tangu hapo Kulwa yupo kazini ughaibuni. Kila tukiuza pamba namnunulia mama kitenge, namwambia pokea, kimetoka kwa Kulwa.

SCOLA: Miaka yote hiyo? Jamani! Mbona mimi hamkuniambia?

LIMBU: Umekulia Dar, nikajua mama yako alikueleza. Na redio niliwasha mimi, kwa sifa zangu tu. Nikajua utaongelea kazi. Kumbe unamuua!

SCOLA: Nilibuni, mjomba! Hakuna hata anayejua alikufaje.

LIMBU: Tena ukamfanya aite. Anakata roho huku anaita, "Doto, njoo tuondoke." Kwa nini uliandika vile?

SCOLA: Ilinijia tu.

LIMBU: Mama alikuwa anachambua choroko. Akaitika.

SCOLA: Aliitika?

LIMBU: Kwa sauti kabisa, kama anaitwa nyuma ya nyumba. Tangu hapo hajala kitu. Amenyoa kichwa. Na usiku kalala amejibana ukutani, kaacha nafasi kitandani.

SCOLA: Mungu wangu. Mpelekeni hospitali!

LIMBU: Wakapime nini? Haumwi popote. Sikia, tumekaa kikao, tumeona wewe ndiye wa kuongea naye. Kwa ile sauti ya jana. Mwambie upo, uko kazini, redio imesema uongo.

SCOLA: Nijifanye marehemu? Siwezi, mjomba. Naogopa.

LIMBU: Jana hukuogopa? Salio lenyewe ni hili hili. Nampa.

SCOLA: Subiri, mjomba, sub—

DOTO: Nani?

SCOLA: [kwa sauti nzito, taratibu] Doto. Ni mimi, Kulwa.

DOTO: Kulwa.

SCOLA: Sijafa, ndugu yangu. Nipo huku kazini. Wewe usije. Kunywa uji, upumzike. Nitarudi mimi.

[Doto anasema Kisukuma, maneno mengi, polepole, kama anayebembeleza mtoto.]

DOTO: Nijibu.

SCOLA: Mtandao, Doto. Sikusikii vizuri.

DOTO: Umenisikia. Kulwa hakuongea Kiswahili na mimi hata siku moja, hata tukigombana. Kiswahili alikuwa anaongea na hao wa redio.

SCOLA: [analia] Bibi, nisamehe. Ni Scola, wa binti yake.

DOTO: Usilie. Sauti mmefanana. Na hawa wanangu wananiletea vitenge vya sokoni hapo Lamadi, wanadhani sijui.

SCOLA: Ulikuwa unajua?

DOTO: Kwamba amekufa? Siku nyingi. Mtu anajua pacha wake akitoka. Ila alikuwa hajaniita.

SCOLA: Hajakuita, bibi! Yale maneno ni yangu! Niliyatunga hapa hapa mezani kwangu!

DOTO: Na wewe ulipewa na nani?

[Mkwaruzo.]

DOTO: Haya, mjukuu wangu. Umenifanyia jambo. Limbu, shika simu ya watu, mimi nikavae.

SCOLA: Bibi, usivae! Kaa hapo hapo! Mjomba! Mjomba, mshike, usimwache aing—

[Salio limekwisha.]