Bi Kinyume na Gari Lake Nundu

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wote mliofika, wenye viti na mliosimama, familia imemtuma mdogo wake marehemu aje mbele yenu ayasome maisha ya dada yake, na kabla hajaanza anaomba mjue kwamba juzi kamati ya mazishi ilimkabidhi karatasi iliyokwisha kuchapwa, ukurasa mmoja safi, wenye kuzaliwa, kusoma, kuolewa na kufa, bila neno hata moja kuhusu gari, kwa maelezo kwamba habari za gari si za kusomwa mbele ya jeneza. Familia inaishukuru kamati kwa jitihada zake. Karatasi ile imekunjwa vizuri na kuwekwa kabatini, na hii inayosomwa sasa ni nyingine.

Marehemu aliomba apelekwe makaburini kwa gari lake mwenyewe, kamati ikakodi jingine, jeusi, lenye vioo na mapazia, nalo lipo pale nje tangu asubuhi, na tangu jana watu wazima wamekuwa wakivutana pembeni kwa sauti za chini kana kwamba hatuwasikii. Jambo hilo litaisha leo, hapa hapa, mbele yake mwenyewe, kwa hiyo mwenye haraka avumilie kidogo.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 11 Machi 1956, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya kinu cha kusaga nafaka, akiwa mtoto wa pili kati ya sita na wa kwanza wa kike, ndiyo maana kila mtu alimwita Dada, hata wale waliomzidi umri, baba yake akiwa fundi baiskeli na mama yake mshona vitambaa, na wazee wetu walikuwa wakisimulia kwamba siku alipopotea akiwa na miaka minne alikutwa chini ya meza ya baba, ameifungua pampu yote vipande vipande, amevipanga mstari mmoja sakafuni, na aliponyang'anywa alilia mpaka akapandwa na homa.

Alianza shule ya msingi Januari 1964 akamaliza Novemba 1970, na Februari 1973 alipelekwa chuo cha ufundi kujifunza ushonaji, kwa kuwa ndiyo kazi iliyosemekana kumfaa mtoto wa kike, lakini darasa la ushonaji lilitazamana na darasa la vyuma, katikati ujia tu, na wiki ya tatu Dada aliuvuka ule ujia, akasimama mbele ya mashine ya kukereza, akakataa kurudi alikotoka. Kukereza, kwa wasioijua kazi hiyo, ni kukizungusha chuma kwenye mashine na kukichonga kwa ncha kali mpaka kifike kipimo. Mkuu wa chuo alimwita baba, baba akaja kwa baiskeli yake, akaonyeshwa kipande cha shaba alichokichonga bintiye, akakigeuza geuza, akakipitisha kidole kwa ndani, akakitia mfukoni, akapanda baiskeli akaenda zake, na hilo ndilo lililokuwa jibu lake.

Tarehe 2 Agosti 1976 aliajiriwa katika karakana ya kukarabati matrekta, mwanamke peke yake kati ya mafundi wote, na msimamizi wa wakati ule, Mungu amsamehe, akamkabidhi birika badala ya mashine, na Dada akapika chai mbaya kiasi kwamba mafundi wenyewe waliandamana kwenda kuomba ahamishiwe kazi nyingine. Kama aliiharibu kwa makusudi hakuwahi kusema, ila nyumbani kwake kila mtu alijua chai yake ilikuwa tamu. Akapewa mashine iliyochakaa kuliko zote, akaitengeneza kwanza yenyewe, kisha akaitumia karibu miaka thelathini na mitano, mpaka alipostaafu Machi 2011.

Kuhusu ndoa, ile siku aliyovuka ujia, darasani alikotoka alimwacha mwanamume mmoja tu kati ya wasichana, kijana mpole, mwembamba, anayeshona, naye alikuwa akichekwa upande wake kama Dada alivyokuwa akichekwa upande wa pili, wakawa wanakutana pale katikati kila mapumziko, na tarehe 19 Desemba 1981 wakaoana, yeye mwenyewe akiwa ameishona suti yake na gauni la bibi harusi. Walijaliwa watoto watatu, kifungua mimba ambaye ni muuguzi, wa pili dereva wa malori, na kitinda mimba binti, mchomeleaji wa vyuma, ambaye leo hamjamwona kwenye viti vya mbele, na mtaambiwa alipo.

Mwaka 1988 shemeji yetu, yaani huyo mume wake, alinunua gari dogo kuukuu la kusambazia sare za shule, akalipenda kama mtoto wa nne, likamtumikia hadi mwaka 2010 bloku ya injini ilipopasuka, likasukumwa mpaka uani, likakaa hapo chini ya kamba za nguo, na tarehe 6 Juni 2012 mwenyewe naye akafariki kwa shinikizo la damu, meza yake ikiwa na shati lisilo na mkono mmoja.

Hata machozi hayajakauka, kaka mkubwa wa mume aliitisha kikao. Jamani, tuseme ukweli maana yupo hapa, amekaa mbele, hajambo, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Alisema gari ni mali ya mdogo wake, mjane hana cha kulifanyia, ni bovu, linaleta panya, na amekwisha kuongea na mnunuzi wa vyuma chakavu. Dada alijibu kwamba gari haliendi popote isipokuwa kwa magurudumu yake, na akaomba muda. Kaka mkubwa akacheka, akampa hadi mwisho wa Novemba mwaka uliofuata, akasema mbele ya kikao chote kwamba likitembea ni lake, lisipotembea akae kimya maisha yake yote. Dada akasema sawa, kisha akauliza kama kuna mwenye swali jingine, maana alikuwa na kazi.

Alinunua injini ya dizeli kutoka kwenye kigari cha kubebea mikate kilichopinduka, juu kimekuwa chapati, chini kizima, akachukua na giaboksi yake na ekseli ya nyuma, vyote vikaletwa kwa mkokoteni, mtaa mzima ukatoka kutazama. Injini ile ilikuwa nzito na ndefu, haikuumbwa kwa ajili ya gari lile, hakuna bolti hata moja iliyokutana na tundu lake. Basi Dada akaanza kuvitengeneza vilivyokosekana, akakata maboksi ya sare kuwa vielelezo, akaviweka juu ya chuma, akakata, akachomelea, akajaribu, akatoa, akapunguza, akarudisha. Mikono ya kuishikilia injini aliitengeneza mwenyewe, sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, aliikata na kuiunda upya ili isigonge usukani, shafti ya kupeleka nguvu nyuma aliifupisha na kuikereza hadi ikazunguka bila kutikisika, na boneti ilipokataa kufunga aliitoboa, akachukua mlango wa kabati la bati la marehemu mumewe, akaufinyanga kwa nyundo siku baada ya siku mpaka ukawa na mgongo wa kuifunika injini, watoto wa mtaani wakaliita gari Nundu, na jina likashika.

Watu walisema. Walisema amechanganyikiwa kwa msiba, walisema mjane mwenye heshima hawezi kulala chini ya gari miguu imetokeza nje, wifi mmoja alimletea khanga mpya za kujifunika miguu, Dada akashukuru, akazitandika chini akalalia.

Sasa, muda ulipobana, alifanya kosa, na yeye mwenyewe asingependa tulifiche, kwa kuwa alilisimulia kwa kila kijana aliyekuja kujifunza ufundi uani kwake. Ile ekseli, yaani mti wa chuma unaobeba magurudumu ya nyuma pamoja na difu katikati, yale meno yanayopokea mzunguko wa shafti na kuupeleka magurudumuni, ilikuwa na vikalio vya springi upande wa chini, na gari lilivitaka upande wa juu. Njia sahihi ilikuwa kuvikata na kuvichomelea upya. Dada aliona njia ya mkato, akaipindua ekseli nzima, chini ikawa juu, vikalio vikakaa sawasawa, akafunga bolti akafurahi.

Jumamosi, tarehe 30 Novemba 2013, kaka mkubwa alifika na mnunuzi wa vyuma chakavu, lori na mnyororo, majirani wakapanda ukutani, na mama mkwe, mama mzazi wa mumewe, akaja akaketi barazani na mkongojo wake. Injini iliwaka mara ya tatu, ikatoa moshi uliozifunika nguo zote za jirani wa kushoto, ambaye familia inamwomba radhi leo. Dada akatia gia ya kwanza, akaachia klachi, na gari likaenda nyuma. Likagonga ndoo. Akatia ya pili, likaenda nyuma kwa kasi zaidi. Ekseli iliyopinduliwa ilikuwa ikizungusha magurudumu kinyume, gia nne za kwenda zote zikawa za kurudi, na ile moja ya kurudi ikawa ndiyo ya kwenda. Lo! Watu walicheka mpaka wakashikilia ukuta, kaka mkubwa alijipiga paja, mwenye lori alianza kuufungua mnyororo, na hapo ndipo lilipozaliwa jina la Bi Kinyume, ambalo alilivaa bila kinyongo hadi kufa.

Lakini hakuzima injini. Alitazama nyuma, akashika usukani, akalitoa gari lango la uani, matako yakitangulia, akasimama barabarani linaunguruma, akawatazama wote usoni mmoja mmoja. Ndipo mama mkwe alipoinuka, akauliza kwa nini hakuna anayemfungulia mlango, akaketi kiti cha mbele, akamwambia mwanawe kwamba mwaka mzima na nusu amekuwa akilizungumzia gari hili wala hajalisogeza hata kiasi cha kiganja, na aliyelisogeza ndiye mwenyewe, mazungumzo yamekwisha, yeye amechoka na anataka kwenda nyumbani. Dada akampeleka, njia nzima kinyumenyume, shingo imegeuka, mama wa watu amejishikilia dirishani akiwapungia mkono wapita njia. Lori liliondoka tupu.

Wiki mbili baadaye aliishusha ekseli, akaifanya kazi ile kama ilivyopaswa kufanywa tangu mwanzo, na kwa miaka kumi Nundu ilibeba sare, matofali, wajawazito, na mwaka 2017 ilimbeba kaka mkubwa mwenyewe alipovunjika mguu, akilalamika kwa kelele za injini tangu kwake hadi mlangoni mwa hospitali.

Mwezi Septemba 2021 marehemu alianza kukohoa, akaonekana ana saratani ya mapafu, akaambiwa apumzike, akapumzika kwa namna yake, yaani alikaa kwenye kiti huku akiwafokea wanafunzi. Mapema mwezi huu alilazwa, na akiwa wodini aliomba futi kamba, akamwamuru muuguzi, ambaye ni mwanawe, ampime urefu na mabega, akampa binti yake vipimo, akamwambia aongeze nafasi ya jeneza. Alifariki Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Kamati imesema gari lile lina injini ya kigari cha mikate, lina nundu, lina moshi, na kwamba tutachekwa. Tutachekwa! Dada huyu alichekwa chuoni, akachekwa kazini, akachekwa uani kwake akiwa mjane, na kila aliyemcheka alikuja baadaye na kitasa kilichovunjika au shafti iliyopinda, akaomba asaidiwe, akasaidiwa. Kuchekwa hatukuogopi. Tunachokiogopa ni kumlaza ndani ya gari la mtu mwingine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua waliomvumilia, na kumvumilia hakukuwa kazi ndogo, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa karakana, wanafunzi wake, na majirani mliotuletea maji, viti na chakula. Mlilalamika pia, kwa adabu, kuhusu kelele za mashine ya kukatia chuma na cheche za kuchomelea zilizotoka uani siku hizi zote, mkisema nyumba ya msiba haifanyi hivyo. Tunaomba radhi kwa kelele, kwa kazi yenyewe hatuombi. Ni binti yake. Ameng'oa viti vya nyuma, amekata, ameunda kitanda cha chuma cha kulishikilia jeneza lisitikisike, ametengeneza kila kipande kwa vipimo alivyopewa na mama yake, na leo mchana huu, wakati historia hii inasomwa, yuko chini ya Nundu anakaza bolti za mwisho, miguu imetokeza nje.

Kwa hiyo gari la kukodi lirudi kwao, na dereva wake tunamshukuru. Anayeona aibu atangulie, njia ya makaburini anaijua. Wengine, wabebaji mje huku, tumbebe mpaka uani, kaka mkubwa naye ashike upande wa mbele kama anataka, nafasi yake ipo.

Dada, gari lako linawaka. Pumzika kwa amani ndani ya kazi ya mikono yako na ya mwanao, na kama huko uendako watakuonyesha mlango wa kuingilia, ingia kwa upande unaoutaka mwenyewe.